Nane kwa Milioni

Mama Friji hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, wala kukubali jibu la kwanza. Hata daktari wa meno alipomwambia jino lazima ling'olewe, alimuuliza kama haiwezekani ling'olewe nusu. Ndiyo maana Jumanne ile, saa nne asubuhi, mkuu wa kazi alipoingia karakana ya ndege na kusema kwamba leza itashushwa Ijumaa, wote waliinamisha vichwa isipokuwa yeye.

"Ijumaa ya wiki hii au ya wiki ijayo?" akauliza.

"Ya wiki hii, Mama Friji."

"Nauliza tu, maana wiki ijayo nayo ina Ijumaa."

Mkuu huyo kila mtu alimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumpa mtu hata kidonge cha kichwa. Udaktari wake ulikuwa wa hewa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na kalamu tatu mfukoni, na akishasema jambo mara moja alihesabu kwamba limekwisha. Hapo ndipo yeye na Mama Friji walipopishana: kwa Mama Friji, jambo likisemwa mara moja ndiyo kwanza limeanza.

Ndege yao ilikuwa ndogo, ya injini mbili, viti vyake vingi vimeng'olewa ili mitambo ipate nafasi. Kazi yake ilikuwa moja: kupima hewa ya ukaa iliyomo angani, ile inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda, na kwenye pumzi zetu wenyewe, na ambayo miti huivuta. Walipita juu ya viwanda, juu ya mashamba, juu ya msitu, ili ijulikane nani anatoa kiasi gani na nani anameza kiasi gani. Mitambo ya kupimia ilikuwa miwili.

Wa kwanza ni leza, waliyoiita Jicho. Jicho lilifungwa sakafuni, likitazama chini kupitia kidirisha kilichotobolewa kwenye tumbo la ndege. Lilipiga chini mwanga wa aina mbili usioonekana kwa macho, mwanga ukagonga ardhi, ukarudi, ukapokewa na darubini. Wageni walipokuja kutazama, Daktari aliwaeleza kwa nusu saa, wakatoka wakipepesa macho. Mama Friji aliwaeleza kwa dakika moja.

"Tuseme umenipa mashati mia mekundu na mia meupe, niyapitishe njia moja. Njiani kuna wezi, ila wezi hawa wana masharti: wanachukua mekundu tu, meupe hawayagusi. Mwisho wa safari unahesabu. Meupe yamefika tisini, maana kumi yamedondoka tu. Mekundu yamefika hamsini. Tofauti hiyo ndiyo inayokwambia wezi wako wangapi. Sasa mashati ni mwanga, na mwizi ni hewa ya ukaa. Umeelewa au nirudie?"

Walikuwa wanaelewa. Mmoja aliuliza hata mashati yalikuwa ya saizi gani.

Mtambo wa pili uliitwa Pua, na huo haukuwa na maajabu. Lilikuwa bomba jembamba lililotokeza nje ya ndege, pampu ya kuvuta hewa ya nje, na sanduku la kuipima. Pua ilinusa pale pale ilipo, wakati Jicho lilipima safu yote ya hewa kuanzia tumbo la ndege hadi ardhini. Kwa hiyo ili kuvilinganisha, rubani alipanda juu kabisa, Jicho likapima, kisha akashuka akizunguka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi za mnara, Pua ikinusa kila kimo. Wastani wa Pua ulitakiwa ufanane na jibu la Jicho.

Haukufanana. Kwa miezi mitatu, safari kumi na mbili, Pua ilisema sehemu mia nne ishirini na tisa katika kila milioni, Jicho likasema mia nne ishirini na moja. Mara zilipishana tisa, mara saba, lakini daima Pua juu, Jicho chini. Nane kwa milioni! Ukimpa mtu yeyote sokoni kosa la nane kwa milioni atakushukuru na kukuombea maisha marefu. Lakini Daktari alikuwa akitafuta tofauti ya moja au mbili kati ya hewa ya mjini na hewa ya msituni, na mtambo unaokosea nane utakuonyeshaje moja?

"Pua tunaipima kila asubuhi kwa mtungi," Daktari alisema. "Hewa ya mtungi tunaijua. Na kila asubuhi Pua inajibu sawasawa. Kwa hiyo anayekosea ni Jicho. Ijumaa mafundi watalishusha, na pale tutafunga Pua ya pili."

"Na kiti changu?"

Daktari alizitazama kalamu zake. "Kiti ni cha mhudumu wa leza. Leza isipokuwepo, hakuna cha kuhudumia."

Basi, hesabu ikawa fupi. Jicho likishuka, Mama Friji anashuka nalo.

Alifikaje kwenye kiti hicho? Kwa mlango wa nyuma, kama alivyofika kila mahali. Alianza na mashati ya mitumba, akiyatandaza chini. Mteja mmoja alimlipa kwa friji bovu. Fundi aliyeitwa kulitengeneza alitaja bei iliyomfanya Mama Friji acheke kwa sauti. Akamwambia fundi, "Sitaki ulitengeneze, nataka nikutazame ukilitengeneza," na kwa kutazama huko alilipa robo. Baada ya hapo akawa anakusanya mafriji yaliyokufa, matatu yakimpa moja zima. Akafungua karakana nyuma ya kinyozi, akaona inafaa zaidi kuolewa na kinyozi kuliko kumlipa pango. Mumewe alisimulia habari hiyo kwa majivuno kwa kila kichwa alichonyoa.

Kisha mashine ya kupozea leza ikaharibika. Leza ni kama mtu mwenye homa: ikipata joto kidogo tu inaanza kusema ovyo. Waliotengeneza mashine ile walijibu kwamba kipuri kitafika baada ya miezi minne. Mtu mmoja akamkumbuka mwanamke wa mafriji. Mama Friji alikuja na begi la spana, akaweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini wake sikioni, akasikiliza, akaomba chai, na kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa inanguruma kwa kipuri cha friji la bucha. Walipomuuliza bei alisema, "Bei tutaongea mkishaona haijaharibika tena." Akaja wiki ya pili kuitazama, na ya tatu, na ya nne. Siku walipokaa kuongea bei, walikuwa hawathubutu kuruka bila yeye. Akaomba kiti, akapewa.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Na tusidanganyane: hakuupenda ule mtambo kama mama anavyompenda mtoto. Aliupenda kama muuzaji anavyoipenda meza iliyo kwenye kona yenye wapita njia. Meza ya namna hiyo huiachii kwa sababu mtu mmoja mrefu mwenye kalamu tatu amesema Ijumaa.

Alichukua daftari la safari, akakaa juu ya sanduku la vifaa, akalisoma mstari kwa mstari hadi saa nane. Safari kumi na moja zilikuwa na tofauti ya saba, nane au tisa. Moja tu, safari ya saba, ilikuwa na tofauti ya moja na nusu. Daktari alikuwa ameandika pembeni: *bahati*.

Mama Friji hakuamini bahati ya kwenye karatasi. Akamwita Redio.

Redio ndiye aliyehudumia Pua. Alikuwa bwana mnene, mcheshi, mwenye mdomo usio na swichi. Alinyolewa kwa mume wa Mama Friji, kwa hiyo alimwita shemeji. Kiti chake kilikuwa ubavuni mwa ndege, bomba la Pua likipita ukutani karibu na shavu lake.

"Redio, safari ya saba ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu, shemeji. Kwani kimeibiwa nini?"

"Fikiria."

Redio akafikiria, jambo lililomchukua muda. "Aa! Siku ile sikuwa na sauti. Nilitoka kwenye harusi ya binamu yangu, nilishangilia mpaka koo likafunga. Niliruka nikiwa bubu kabisa. Rubani aliniambia ndiyo safari tamu kuliko zote alizowahi kurusha."

"Hukusema hata neno?"

"Hata kukohoa niliogopa."

Mama Friji akafunga daftari. Kichwani mwake mambo yalianza kuungana, na yalivyoungana hakuyapenda.

Jumatano asubuhi alifika karakana kabla ya wenzake, mkononi ana mrija wa soda. Alichokifanya kila fundi wa mafriji anakijua kwa upande wa pili: friji likivuja, unapaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama mapovu. Lakini friji linasukuma gesi nje. Pua inavuta hewa ndani, na kitu kinachovuta hakitoi mapovu, kinayameza. Kwa hiyo alihitaji kukilisha kitu kitakachoonekana tumboni. Na pumzi ya mtu ina hewa ya ukaa mara mia zaidi ya hewa ya kawaida.

Aliziba nusu ya mdomo wa bomba kwa kitambaa, ili pampu ivute kwa shida kama inavyovuta kule juu hewa iliko nyepesi. Akawasha Pua, akapanda ndani, akaanza kupuliza kwa mrija kwenye kila ungio, jicho moja likiwa kwenye namba. Ungio la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, la nne, la tano, kimya. La sita lilikuwa lile la ukutani, karibu na kiti cha Redio. Akapuliza. Namba zikaruka kutoka mia nne na kitu hadi mia tisa, kama mtu aliyekalia mwiba.

Akapuliza tena, labda amekosea. Mia tisa na hamsini.

Akakaa kwenye kiti cha Redio, akalitazama lile ungio. Alilifahamu vizuri. Miezi mitatu iliyopita oringi yake, kile kipete cha mpira kinachozuia hewa kupenya, ilikuwa imekatika. Mpya ilikuwa imeagizwa na haijulikani itafika lini. Na yeye, Mama Friji, kwa mkono wake mwenyewe, alitoa kwenye kopo lake oringi ya friji, nyembamba kuliko ile kwa unene wa unywele, akaipachika, akafunga nati. Mtungi ulipofunguliwa Pua ilijibu sawasawa, watu wakampigia makofi. Alizunguka karakana siku nzima akisema, "Wao wanasubiri meli, mimi nina kopo."

Mtungi unasukuma. Hewa ikisukumwa, kidogo inavujia nje, inayobaki ni ile ile ya mtungi, na jibu linakuwa sahihi. Angani pampu inavuta, baridi inaukaza mpira, na kinachoingia pale ni hewa ya ndani ya ndege, iliyojaa pumzi za watu watano. Na katika hao watano, mmoja ameweka mdomo wake pale pale na haufungi.

Kwa hiyo aliyekuwa akimfukuza Mama Friji kazini ni Mama Friji.

Adhuhuri alikwenda kula nyumbani. Mumewe alikuwa na mteja nusu kichwa, kwa hiyo alikula na wifi yake, dada wa mume, fundi cherehani aliyekuwa akikaa nao na kusema lolote lililomjia.

"Unakula kama mtu anayehesabu punje," wifi alisema. "Kaka yangu kakuudhi, au umepunjwa?"

Mama Friji akamweleza yote. Wifi alicheka mpaka akarudisha tonge sahanini.

"Wewe! Wewe uliyenicheka kwa kifungo kimoja nilichoshona ndani nje! Sasa si ubadilishe tu hicho kimpira kimya kimya? Nani atajua?"

"Wifi, fikiria kama muuzaji. Nikibadilisha kimya kimya, Jicho linaokokaje? Ijumaa linashuka. Hakuna safari nyingine kabla ya hapo. Na hata ingekuwepo, ikifanana moja, Daktari ataandika 'bahati', atabaki na kumi na moja zinazosema Jicho ni pumbavu. Ushahidi unaoliokoa Jicho ni mmoja tu: Pua ilikuwa inavuja. Na Pua ilikuwa inavuja kwa mkono wangu. Siwezi kuuza kimoja nikaficha kingine, vimeshonwa pamoja."

"Basi kaseme."

"Nitasema. Lakini si bure."

"Mungu wangu," wifi alisema. "Huyu mwanamke anakwenda kuuza kosa lake mwenyewe."

"Bora niliuze mimi kuliko waligawe wao," Mama Friji alijibu, akanawa mikono.

Ofisi ya Daktari ilikuwa chumba chembamba kilichobanwa pembeni ya karakana, chenye dirisha la kutazamia ndege, meza mbili na kiti kimoja cha mgeni ambacho mguu wake ulikuwa umefungwa waya. Mama Friji alibisha, akaingia, akakaa upande usio na waya.

"Daktari, nina habari ya kuuza."

"Mimi sinunui habari, Mama Friji."

"Ndiyo maana nakuuzia rahisi. Nataka safari moja, kesho."

"Mafuta ya ndege si maji ya bomba."

"Fupi. Kupanda, kushuka tukizunguka, kutua. Saa mbili."

Daktari akanyamaza. Mama Friji naye akanyamaza. Wengi hushindwa hapo, wanajaza kimya kwa kupunguza bei yao wenyewe. Yeye alitazama dirishani kana kwamba ndege ile inauzwa na hajaipenda rangi yake.

"Saa moja," Daktari alisema.

"Saa moja na nusu, na Redio awepo."

"Haya. Endelea."

"La pili: Jicho na Pua vikipishana chini ya mbili, Jicho halishuki Ijumaa."

"Chini ya moja."

Mama Friji aliguna kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Moyoni alikuwa amejiandaa kwa nusu. "Unaniua, Daktari. Haya, moja. La tatu: atakayeonekana amekosea asifukuzwe kazi."

Daktari aliinua macho. "Hilo la tatu limetoka wapi?"

"Ni nyongeza tu. Hata sokoni mtu anaongezewa."

"Mbona nyongeza yako inaonekana ni kubwa kuliko mzigo?" Daktari akaweka kalamu mezani, akamtazama sawasawa. "Ni wewe?"

Mama Friji aliinama, akaukaza ule waya wa mguu wa kiti.

"Nimesema ni mimi? Sijasema."

"Mama Friji."

"Ni mimi, dada."

Neno hilo lilimtoka tu. Daktari hakulikataa. Alirudisha kalamu mfukoni, kisha akasema, "Nionyeshe kwanza. Ukinionyesha, nakubali yote matatu."

Wakaenda kwenye ndege. Redio aliitwa, akaketi kwenye kiti chake akiwa na wasiwasi, maana hajawahi kuitwa na watu wawili kwa pamoja kwa jambo jema. Pampu ikawashwa, kitambaa kikawekwa mdomoni mwa bomba. Namba zilitulia.

"Redio," Mama Friji alisema, "simulia ile ya bibi harusi na ngazi."

"Mbele ya Daktari?"

"Simulia."

Redio akasimulia. Alianza kwa aibu, sauti ya chini, na namba zikapanda kumi. Alipofika pale shangazi anapoishika ngazi upande usiofaa alikuwa ameshasahau aibu, mikono juu, na namba zikapanda sitini. Alipomaliza alijicheka mwenyewe kwa kishindo, na sanduku likaonyesha mia saba na kitu.

Daktari alikuwa ameinama akisoma namba, uso wake karibu kabisa na lile ungio. Kwanza mabega yake yalitikisika. Kisha ikatoka, kicheko kikubwa, cha mtu aliyekikalia kwa miaka. Namba zikaruka hadi mia nane na tisini.

"Eh!" Redio alisema. "Daktari amenishinda!"

Daktari alijifuta macho, akarudi kuwa mrefu. "Mtungi unasukuma," alisema polepole, "na pampu inavuta. Miezi mitatu tumeipima Pua ikisukumwa, tukaiamini ikivuta." Alimgeukia Mama Friji. "Oringi halisi ilifika lini?"

Hilo hakuna aliyelijua. Wakaitafuta kabatini, wakaikuta ndani ya bahasha isiyofunguliwa. Ilikuwa imefika mwezi uliopita, na hakuna aliyejisumbua, kwa kuwa ya Mama Friji ilikuwa "inafanya kazi vizuri". Mama Friji aliipachika mwenyewe, akapuliza kwa mrija mpaka akaona nyota. Namba hazikutikisika.

Alhamisi saa tatu asubuhi waliruka. Rubani, bwana mkimya aliyependa kuambiwa jambo mapema, aliambiwa saa moja na nusu na akasema atatumia saa moja na dakika ishirini na tisa. Walipanda hadi nyumba zikawa kama vifungo vilivyomwagika. Mama Friji, mkanda kifuani, alitazama maji ya kupozea, akatazama joto la leza, akatazama ule mstari wa kijani unaosema Jicho linapata mwanga wake wote wa kurudi. Chini yao kulikuwa na mashamba, kisha barabara, kisha uwanja mpana mkavu usio na wingu hata moja. Jicho lilipima. Jibu lilikuwa mia nne ishirini, nukta sita.

Sasa wakaanza kushuka wakizunguka, na Pua ikaanza kunusa.

"Redio, ongea," Mama Friji alisema kwenye kipaza sauti.

Kimya.

"Redio!"

"Niongee nini, shemeji?"

"Chochote! Miaka miwili hujawahi kuuliza!"

"Ukiambiwa uongee, maneno yanakimbia."

"Kama oringi inavuja nataka tujue leo, si wiki ijayo. Ongea, bwana!"

Redio akakohoa. Kisha, kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa, akaanza kutaja majina ya ndugu zake wote, mmoja mmoja, na kazi zao, na nani kamkosea nani. Alipofika kwa shemeji wa nne moto ulikuwa umeshawaka, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumzima. Rubani aliomba kuzima vifaa vyake vya masikioni akakataliwa. Namba za Pua zilishuka na kupanda taratibu kadiri kimo kilivyobadilika, kama zinavyotakiwa, na hata Redio alipopiga kelele kuhusu deni la mbuzi la binamu yake, hazikuruka.

Walipokuwa wakijipanga kutua, Daktari alikuwa ameshajumlisha. Alihesabu mara mbili kwenye mashine na mara moja kwa kalamu. Mama Friji hakumuuliza. Alikaza macho kwenye maji ya kupozea, ingawa maji yalikuwa hayana habari yoyote.

"Pua, mia nne ishirini na moja, nukta mbili," Daktari alisema. "Mnapishana nukta sita."

"Chini ya moja," Mama Friji alisema.

"Chini ya moja."

"Hata nusu ungesema," Redio alidakia, "ungemkamata, Daktari."

"Wewe sasa nyamaza," wakamwambia watatu kwa pamoja.

Baada ya kutua Daktari aliwaita mafundi wa Ijumaa kwa simu akawaambia wasije. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Friji hakulitegemea: alichukua matokeo ya miezi mitatu, akapiga mstari juu ya safu ya Pua, kurasa zote, akaiacha safu ya Jicho. "Msimu mzima umebaki kwenye hii," alisema, akigonga namba za leza kwa kucha. "Tungeishusha kesho, tungebaki na pumzi za Redio."

Mama Friji aliona mlango umefunguka na akataka kuupita. "Kwa hiyo ukitazama vizuri, Daktari, oringi yangu ndiyo iliyothibitisha Jicho ni zima."

"Usijaribu."

"Nilikuwa nasema tu."

Daktari akamsogezea daftari la hitilafu, kubwa, jalada gumu, ambamo kila kosa la ndege huandikwa na aliyelifanya. "Nimekubali usifukuzwe. Sijakubali usiandike."

Mama Friji akashika kalamu. Akafikiria. Akaandika, *Oringi ya ungio la sita ilibadilika.*

"Ilijibadilisha?" Daktari aliuliza.

Akafuta. *Ilibadilishwa.*

"Na nani?"

*Na fundi.*

"Mafundi tunao wanane. Wengine saba wamekosa nini?"

"Daktari, kitabu hiki wanakisoma wakaguzi. Niweke jina langu kamili, na oringi ya friji, na kopo? Watoto wangu watakisoma siku moja."

"Kopo liache. Oringi ya friji lazima."

"Nikiandika oringi ya friji, jina nisiandike. Niandike cheo."

Daktari alifikiria, kalamu yake ikigonga meza. "Cheo gani?"

"Mhudumu wa leza."

"Andika," Daktari alisema. "Cheo hicho bado kipo."

Mama Friji akaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko alioutumia hapo juu, akapiga sahihi ambayo hakuna mkaguzi angeweza kuisoma. Kisha akauliza safari ya Jumatatu inaanza saa ngapi, na alipoambiwa saa mbili, akasema saa tatu ingefaa zaidi.